Vikapu vya Mawe Tulivyopeleka Baharini

Korongo lilipoanza kula barabara ya Gatitu, sisi kina mama wa ng'ambo ile tulikuwa na kikundi cha mabati. Kila baada ya muda mmoja wetu anaezekewa nyumba, tunaimba, tunakunywa chai, tunarudi shambani. Bwana shamba alipoona tunajua kufanya kazi pamoja, akaja na mizigo ya waya nyuma ya gari la serikali akaimwaga chini ya mti wa kanisa.

"Nyinyi mnasuka viondo," akasema. "Hii pia ni kiondo, lakini inabeba mawe."

Mama wa mapacha, ambaye alikuwa mwenyekiti wetu na hakuogopa mtu, akamuuliza, "Na hiyo kiondo ya mawe inabebwa na kichwa ya nani?"

"Haibebwi, mama. Inakaa hapo mpaka sisi wote tuzikwe."

Ndivyo tulivyofundishwa kazi ya vikapu vya mawe. Maofisa waliviita gabioni. Unachukua ubao mpana uliopigwa misumari kwa mistari, unapitisha waya kutoka msumari hadi msumari, na kila nyaya mbili zinapokutana unazisokota kwa koleo mara tatu. Ukisokota mara moja jicho la wavu linafunguka, mara tatu halifunguki hata ng'ombe akilala juu yake. Ukimaliza una mkeka wa waya. Unaukunja pembe nne, unafunga kwa waya mwembamba, umepata sanduku. Unalipangia mawe ndani, unafunga kifuniko, na maji ya korongo yakija yanapita katikati ya mawe polepole bila nguvu ya kuchimba. Mvua mbili zilipita, barabara ikabaki. Tulitembea juu yake kwenda kanisani tukiwa tumenyoosha shingo kama twiga.

Majina ya wanawake wale ninayo yote, ishirini na watatu, pamoja na ya waume zao na ya ng'ombe waliowakamua. Siyaandiki hapa kwa sababu mtu huulizwa kwanza, na wengi hawapo tena wa kuulizwa. Kuandika kwenyewe nilijifunza uzeeni, darasa la ngumbaru, na ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu wajukuu wangu wa pwani ndicho wanachosoma.

Binti yangu wa kwanza alisomea unesi hapo Nyeri. Akaolewa na kijana wa Majengo, Mwislamu, aliyekuwa tabibu msaidizi. Kijana hakuwa na kosa. Babake alikuwa fundi cherehani, mamake aliuza mandazi karibu na msikiti, na ukiuliza kabila lao unahesabiwa kabila nne kabla chai haijachemka. Mzee wangu alikaa mwaka mzima bila kusema neno juu ya ndoa hiyo. Halafu siku moja ng'ombe akakataa kunywa dawa, mzee akamwita mkwe wake amshikie pembe, wakahangaika pamoja mpaka wote wawili wakajaa matope. Kinyongo kikaishia hapo.

Sasa serikali ikawapeleka pwani, zahanati ndogo katika kijiji cha wavuvi, umbali wa kutupa jiwe kutoka baharini. Tuliambiwa ni miaka miwili. Mitatu ikaisha. Mimi nilikuwa na mabinti wengine na wana, siwezi kusema nyumba ilikuwa tupu, lakini huyu wa kwanza ndiye aliyenifanya mama, na kila Krismasi nilikuwa nikichinja kuku nikimwekea finyango lake kwenye bakuli mpaka lipoe.

Ndipo barua ikaja. Mzee wangu alinisomea akiwa amesimama mlangoni pa jikoni.

"Anasema bahari inakula."

"Inakula nini?"

"Nchi. Ati ilianza na minazi, ikala choo, sasa kutoka maji mpaka chumba cha kuzalishia ni hatua thelathini tu. Upepo wa kusi ukivuma na maji ya bamvua yakija, mawimbi yanafika kwenye ngazi."

Bamvua, alieleza kwenye barua, ni yale maji makubwa yanayojaa mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo. Kisha akaandika kwamba wakubwa wamekuja kupima, wamesema maji yakigusa ukuta zahanati itafungwa, na wao wawili watahamishwa, pengine bara.

Mzee alikunja barua. "Kwa hivyo watarudi," akasema.

"Watarudi," nikasema mimi.

Tulikaa pale tukiwa na furaha, hata nikasahau maziwa yakafurika. Sioni haya kuliandika. Sikuwa nimewahi kuona bahari, na niliiwazia vizuri sana asubuhi ile.

Lakini karatasi ilikuwa na upande wa pili. Mzee aliugeuza, akasoma kimya, akaniangalia. "Anaomba vikapu," akasema.

Aliandika hivi: Mama, wewe na wenzako mliokoa barabara. Hapa fundi mmoja wa serikali anasema vikapu vya mawe vinaweza kusimamisha maji, ila hana vikapu na hana mtu wa kuvisuka. Mawe watu wa kijiji watakusanya. Nitumie vikapu.

Nilikaa na barua hiyo siku tatu bila kuwaambia wenzangu. Siku ya nne mama wa mapacha akaja kuazima ungo, akaniuliza mbona nimenyamaza kama mtu aliyemeza mbegu ya parachichi. Nikamwambia yote, hata ile sehemu ya kufurahi.

"Mtoto anaomba kikapu kwa mama yake," akasema, "na mama anataka bahari ikule nyumba ndio mtoto arudi. Wewe ni mama ama ni fisi?"

"Mimi ni mama. Lakini niko na masikio pia. Nilisikia watarudi."

"Tutasuka," akasema. "Bahari ikiwa na nguvu kushinda sisi, watarudi. Tukiishinda, watakaa. Hiyo si kazi yako kuamua."

Basi tukasuka. Waya tuliomba kwa bwana shamba, ule uliobaki kwenye kazi ya korongo, na mwingine ukapatikana kwa harambee. Tulisuka vikapu ishirini, tukavikunja bapa kama mikeka, tukavifunga mafungu. Mtu mmoja wa Kagio alikuwa na lori la kupeleka nyanya Mombasa, akakubali kuvipakia juu ya makreti.

Lori liliposimama barabarani, mama wa mapacha akashika kiuno. "Hivi vikapu vinaenda tupu?"

Hapo tukaangaliana. Kwetu kikapu hakiendi kwa mtu kikiwa tupu, na hakirudishwi kikiwa tupu. Hata ukiazima kiondo cha jirani unakirudisha na kitu ndani, hata kama ni mahindi mawili. Hatukuwa na muda wa kufikiri kama kanuni hiyo inahusu waya. Wanawake walikimbia nyumbani, kila mmoja akarudi na viazi, tukavifunga vitatu vitatu kwa maganda ya migomba makavu, na kila kikapu kikafungiwa kifurushi chake pembeni. Viazi vizuri, vya kuchagua, ukubwa mmoja, kwa sababu hakuna aliyetaka cha kwake kionekane kidogo. Dereva alitucheka mpaka akaenda.

Barua ikaja kusema vikapu vimefika, viazi vimefika, asanteni sana. Fundi alivifurahia viazi, aliandika binti yangu, alichukua fungu moja akaenda nalo kazini. Sisi tukasema, kumbe watu wa pwani pia wanapenda viazi.

Miezi ikapita. Barua iliyofuata ilikuwa na habari mbili. Ya kwanza, kwamba yuko na mimba ya miezi saba. Ya pili, kwamba vikapu vimekuwa vitupu. Vilijazwa vizuri, vikapangwa mbele ya zahanati, na kwa wiki chache vikasimama. Kisha mawe yakaanza kutoka mojamoja, vikapu vikalegea, na sasa vimelala kama magunia. Hatua thelathini zimekuwa kumi na nne. Wakubwa wamesema wakirudi baada ya bamvua mbili na hali ni hiyo, wanafunga.

Mzee wangu alisema, "Umejaribu."

Nilisema, "Nimejaribu," na moyo ukaruka tena kama ule mwanzo. Nikafunga debe zima la njahi, maharagwe yetu meusi, maana mzazi hawezi kukosa njahi, nikasema naenda kumwangalia binti yangu ajifungue, na nikirudi nitakuja naye.

Mkwe wangu wa Majengo, mamake kijana, alisema hawezi kuachwa. Tukasafiri pamoja, yeye na buibui yake na kikapu cha viungo, mimi na njahi zangu. Katika treni ya kwenda Mombasa tulikaa tukitazamana, tukala mayai ya kuchemsha, na kabla ya Voi tulikuwa tumefanya mapatano.

"Mkwe, nikwambie kitu," akasema. "Mimi siendi kuzalisha mtu. Ninaenda kumchukua mwanangu."

"Na mimi ninaenda kumchukua wangu."

"Basi tusipigane. Wewe useme baridi ya Nyeri ni nzuri kwa mtoto mchanga."

"Baridi si nzuri kwa mtoto mchanga."

"Wewe sema tu. Kiswahili chako kina mawe kama vikapu vyako, hawatakuelewa vizuri."

Nilimpenda mwanamke yule kuanzia hapo. Zamani nilikuwa namsalimu tu.

Zahanati ilikuwa nyumba nyeupe yenye baraza refu. Kwa nyuma kulikuwa na mwembe na nyumba ya watumishi, na kwa mbele, hatua kumi na nne, nchi ilikuwa imekatwa kama mkate. Chini ya pale ndipo vikapu vyetu vilipolala. Binti yangu alinikumbatia na tumbo lake katikati yetu, nikalia kidogo, naye akalia, kisha akaitwa na mgonjwa akaenda.

Jioni hiyo, maji yakiwa yametoka, niliteremka peke yangu. Nilivishika vikapu vyetu mojamoja. Nilijua kila mkono. Hiki cha mama wa mapacha, yeye alisokota mara nne badala ya tatu kwa sababu hakuamini watu. Hiki cha mke wa mwalimu, aliyekuwa akianza kushoto. Hakuna jicho lililokuwa limefunguka. Waya ulikuwa umeanza kutu lakini ulishika. Nikatazama mawe machache yaliyobaki ndani. Yalikuwa mawe ya matumbawe, yale meupe yenye vitundu, madogo, ya duara, kila moja lingeweza kujaa kiganja. Nikaokota moja nikalisugua na jingine. Unga ukatoka.

Nikaelewa palepale. Jiwe kama lile linaingia kikapuni likiwa kubwa kuliko jicho kidogo tu. Wimbi likilitikisa usiku na mchana, linasuguana na wenzake, linapungua, na siku likiwa dogo kuliko jicho linatoka linaenda zake. Kikapu hakikuwa na kosa. Kilikuwa kimejazwa vibaya. Kwetu tulitumia mawe ya ukubwa wa kichwa cha ndama, magumu, yenye pembe za kushikana.

Nilijua, na nikanyamaza. Nilipanda nikanawa miguu nikala wali. Mkwe wangu aliniuliza nimeona nini.

"Bahari iko na nguvu sana," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema yeye, na akajiongezea mchuzi.

Siku ya pili nilinyamaza. Nilikuwa nikikaa barazani nikichambua njahi, na wanawake walikuwa wakija tangu alfajiri kukaa kwenye foleni. Wengine walikuja kwa miguu, wengine walivuka kwa mashua kutoka ng'ambo ya mkono wa bahari. Mmoja wao, mwembamba, kanga mbili, akakaa karibu nami.

"Wewe ndiye mama yake nesi?"

"Ndio mimi."

"Umezaa vizuri, bibi." Akakaza kanga yake, akaendelea. "Wangu wawili wamezaliwa hapa. Wa kwanza kabla ya hawa nilimzalia mashuani, naenda hospitali kubwa, na kusi inavuma. Hakufika. Sasa wanasema hapa patafungwa."

Nilimpa njahi mkononi akaziangalia kama shanga, akauliza zinapikwaje. Kisha mlango ukafunguka na binti yangu akasema, "Haya shangazi, njoo tukuone," kwa Kiswahili laini kile cha huko, na sauti ilikuwa ni ya mtu aliye nyumbani kwake. Mimi niliyemfundisha kusema sikuitambua sauti ile mara moja.

Nilichambua zile njahi mara mbili siku hiyo.

Asubuhi ya tatu fundi alikuja. Alikuwa mzee wa hapohapo, kofia kichwani, msumeno begani, koleo kiunoni, mwenye maneno. Alikuja kumwambia mkwe wangu kijana kwamba ameandika ripoti. Aliponiona akanisalimu vizuri, kisha akasema, "Bi mkubwa, usinichukie. Vikapu vyenu vya bara ni vya kutilia mahindi. Bahari haikufunga mkataba na mahindi. Mafundo yenu yamelegea."

Ningevumilia yote. Ningevumilia hata mahindi. Lakini mafundo.

"Fundo gani imelegea?" nikasema, na nikainuka. "Kuja unionyeshe."

Tukateremka, yeye mbele mimi nyuma, na mkwe wangu na buibui yake, na kijana, na binti yangu kwenye ngazi akishika mgongo. Nilimpa fundi koleo yake mwenyewe nikamwambia afungue fundo la mama wa mapacha. Alihangaika mpaka kofia ikaanguka. Halikufunguka.

"Sasa niambie," nikasema. "Nani alikwambia uweke mawe ya watoto kuchezea? Hii jicho unaiona? Na hii jiwe unaiona?"

Fundi akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si nyinyi mlioleta kipimo?"

"Kipimo gani?"

"Kila kikapu kilikuja na kipimo chake. Vitatu vitatu, ukubwa mmoja, vimefungwa pembeni. Mimi nikasema, hawa wanawake wana akili, wamejua fundi hajui ukubwa wa mawe wakamletea mfano. Nikachukua fungu nikawapa watu, nikawaambia jiwe lolote lisilolingana na hili lisiingie. Tumechagua wiki mbili! Kuna mawe makubwa tuliyatupa."

Nilichukua muda kuelewa. Halafu nikaelewa.

"Hiyo ilikuwa ni viazi," nikasema.

"Najua ni viazi. Nilifikiri huko kwenu hakuna mawe ya kuonyesha."

"Ilikuwa ya kukula, mzee. Kikapu haiendi tupu."

Kijana ndiye aliyeanza kucheka, akaketi mchangani. Mkwe wangu alicheka mpaka akajifunika uso kwa buibui. Binti yangu kwenye ngazi alikuwa akishika tumbo kwa mikono miwili akisema, "Msinichekeshe, jamani, msinichekeshe." Fundi alijaribu kubaki na heshima yake, akashindwa. "Wallahi tumejengea serikali ukuta wa viazi," akasema.

Tulipotulia, wote wakawa wananitazama mimi, kwa sababu aliyejua ukubwa wa jiwe ni nani kama si mimi. Na mkwe wangu alikuwa akinitazama kwa jicho jingine. Alikuwa amenielewa. Alijua nilikuwa nimeteremka pale siku ya kwanza.

Nikasema, "Mawe yawe kama kichwa cha ndama. Makubwa yakae nje karibu na waya, madogo katikati. Yapangwe kwa mkono, yasimwagwe."

Nilipomaliza kusema hivyo nikaona kwamba nimesema.

Kazi ilichukua wiki tatu. Wanakijiji walikuja kwa zamu, wanaume wakileta mawe magumu ya machimbo kwa lori la kazi za umma, wanawake wakiyapanga. Niliwaonyesha jinsi ya kugeuza jiwe mpaka lipate mahali pake, kwa sababu kila jiwe lina upande unaotaka kulala. Nyuma ya vikapu tuliweka magunia makuukuu ili maji yasivute mchanga kupitia katikati. Fundi alipaka waya lami ileile wanayopaka mashua. Aliniuliza kama hivi ndivyo tunavyopanga viazi sokoni, vikubwa nje vidogo ndani. Nikamwambia aendelee na lami.

Lakini yeye pia alijua kitu nisichokijua. Vikapu vilipojaa mimi nilisema tumemaliza. Akasema bado. Akanichukua mpaka penye maji, akaniambia nisimame tu pale wimbi linapofika, miguu mitupu. Wimbi likaja likanipita vifundo vya miguu, sikuona ajabu. Likarudi. Mchanga chini ya visigino vyangu ukaondoka nalo, nikaanza kuzama kinyumenyume, nikamshika mzee wa watu mkono.

"Umeona?" akasema. "Maji ya kwenu yanateremka mlimani yanakwenda zake. Haya yana kwenda na kurudi, na ubaya wao uko kwenye kurudi. Yatachimba chini ya vikapu vyako mpaka vianguke kifudifudi."

"Sasa tutafanya nini?"

"Wewe ndiye msukaji."

Nilifikiri siku moja. Kwenye korongo tulikuwa tumetandika chini kikapu kimoja bapa, chembamba kama godoro, maji yaangukie hapo. Nikasema, tutandike magodoro mbele ya ukuta, yafungwe nao kwa waya. Bahari ikichimba, godoro litainama lifunike shimo lenyewe. Fundi akarudia maneno hayo polepole, akasema, "Litainama lenyewe," akafurahi kama aliyepewa zawadi. Waya tuliupata kwa kufumua vikapu viwili vilivyoharibika, na mwingine wakaleta watu wa kazi za umma. Mimi na mkwe wangu tuliketi barazani tukasuka. Yeye hakuwa amewahi kushika koleo maishani mwake. Alisokota mara mbili nikamwambia ni tatu.

"Mkwe," akasema bila kuinua macho, "tulikuja kuwatoa. Sasa tunawajengea."

"Tunawajengea."

"Na wewe ndiye uliyefungua mdomo."

"Alisema fundo imelegea."

Akasokota ya tatu. "Ningefungua pia," akasema.

Bamvua ilikuja siku ya kliniki ya watoto, saa kumi alasiri, na kusi ilikuwa inavuma tangu asubuhi. Kijiji kizima kilisimama chini ya mwembe kutazama. Maji yalipanda, yakafika kwenye magodoro, yakafika kwenye vikapu. Mawimbi yalipiga, na badala ya kuruka kwa hasira kama yanavyopiga ukuta wa saruji, yaliingia katikati ya mawe na kunguruma humo ndani, yakatoka yakiwa meupe na yamechoka. Yalirudi yakivuta. Nilitazama visigino vya ukuta ule kuliko nilivyotazama kitu chochote maishani. Godoro moja liliinama mwisho wake kidogo, likatulia. Fundi alinigusa bega. Maji yalipiga kwa saa mbili hivi, kisha yakaanza kushuka, na hatua zilikuwa zilezile kumi na nne.

Niligeuka kumwita binti yangu aone. Kupitia dirishani nilimwona amemning'iniza mtoto wa mtu kwenye mizani, anasoma uzito, mama wa mtoto anabishana naye, naye anacheka. Hakuwa ametoka hata mara moja kutazama. Hakuwa na wasiwasi. Mama yake alikuwa amejenga. Basi sikumwita.

Alijifungua wiki mbili baadaye katika chumba kile, mtoto wa kike. Mkunga alikuwa wa ng'ambo ya mkono wa bahari, na mimi na mkwe wangu tulikuwa mlangoni tukisukumana. Wakubwa walikuja, wakatembea juu ya vikapu, wakaandika, zahanati ikabaki. Nilikaa siku arobaini, nikapika njahi zikaisha, nikarudi.

Mzee wangu alinipokea Nyeri kwenye stendi. Alitazama nyuma yangu, akatazama tena, akachukua mzigo.

"Hukuja naye."

"Sikuja naye. Ukuta umesimama."

"Nani aliusimamisha?"

"Mimi na mwenzangu na mzee mmoja wa huko."

Tukaenda nyumbani, mzigo begani mwake. Nilipoingia nikakuta amepaka chokaa chumba cha nyuma, ameweka dirisha la kioo, na ndani kuna kitanda kipya, kikubwa, cha mvule, alichokitengenezesha nikiwa sipo. Kilikuwa cha mtu na mumewe na mtoto. Nilisimama pale nikajiona nimemwibia.

Alipitisha mkono kwenye mbao. "Ukuta huo," akasema, "ni imara kweli?"

"Ni imara. Niliuangalia kila siku."

"Basi iko sawa. Wakija Disemba watalala hapa."

Na walikuja, Disemba hiyo na nyingine nyingi. Walipokuwa wanne, watoto, walilala humo kwa upana kama samaki kwenye sinia, wakilalamika baridi, na mzee alikuwa akiamka kabla ya jogoo kuwapelekea mkaa kwenye jiko wakiwa bado wamefunga macho.